Nilibadilisha mkanda wa taimingi ukiwa bado mzima

Gari la mtumba huja na maneno mengi ya muuzaji na machache ya kweli. Kwenye Subaru Forester yangu maneno ya kweli yalikuwa kwenye stika moja ndogo, imebandikwa juu ya kifuniko cha plastiki mbele ya injini, imepauka, imeandikwa kwa kalamu, nusu yake imefunikwa na vumbi lililoshikana na oili. Gereji za Japani zina desturi hiyo: fundi akibadilisha mkanda wa taimingi, anabandika stika ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita, ili fundi ajaye asianze kubahatisha. Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa huja nazo, nasi tunazibandua siku ya kwanza ya kuosha injini tukidhani ni uchafu.

Gari hilo nililinunua mkononi kwa mtu mwaka 2021. Ni toleo la 2005, namba D, injini ya EJ20 isiyo na turbo. Siku nilipolipeleka kumwaga oili nikaipiga picha ile stika, simu ikanitafsiria: mkanda wa taimingi umebadilishwa, mwaka 24, mwezi wa 6, kilomita 98,000 na ushee.

Huo mwaka 24 ulinisumbua hadi nilipoelewa kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 na ikaisha Aprili 2019, mfalme Akihito alipong'atuka. Ukikuta herufi H na namba, jumlisha 1988. Ukikuta R, hiyo ni Reiwa, jumlisha 2018. Kwa hiyo mkanda wangu ulifungwa mwaka 2012.

Sasa tazama dashibodi: siku hiyo ilisoma kilomita 87,000. Yaani mkanda ulifungwa gari likiwa limetembea 98,000, na miaka tisa baadaye gari hilo hilo limetembea 87,000. Gari haliendi kinyumenyume kilomita elfu kumi na moja. Mtu aliirudisha saa, na sikujisumbua kumtafuta, maana aliyeniuzia naye alilinunua kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo namba ya kwenye dashibodi nikaiondoa kwenye hesabu zangu. Kilichobaki mkononi ni tarehe, na tarehe ilisema mkanda una miaka tisa.

Kwa injini kama yangu, Subaru wa Japani wanasema badilisha kila kilomita 100,000. Ukisoma mtandaoni utakutana na namba ya Wamarekani, 105,000, na utafurahi kwamba una nafasi zaidi. Usifurahi haraka: ile ni maili, si kilomita, lakini imeambatana na sharti la pili ambalo watu huliruka, nalo ni miezi 105. Chochote kitakachotangulia. Miezi 105 haifiki miaka tisa. Hata kwa kipimo cha Wamarekani, ambacho ndicho kirefu, mkanda wangu ulikuwa umemaliza muda.

Nieleze kidogo kazi yake, kwa sababu watu wengi niliozungumza nao wanaichanganya na fenibelti. Fenibelti iko nje, inazungusha alteneta na kompresa ya AC. Ikikatika unaona taa ya betri na unasogea pembeni. Mkanda wa taimingi uko ndani ya vifuniko, huuoni. Unaunganisha krenki, ambayo inazungushwa na pistoni, na kemshafti, ambazo zinafungua na kufunga vali, yaani vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti izunguke mara moja, bila kuteleza hata jino moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa wa barabara kuu, kila vali inafunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mara inatakiwa iwe imeshaondoka njiani kabla pistoni haijafika juu. Makubaliano yote hayo yanashikiliwa na utepe wa mpira wenye meno.

Kwenye Subaru utepe huo ni mrefu, kwa sababu silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na kila upande una silinda hedi yake. Mkanda unatoka kwenye krenki, unakwenda upande mmoja, unarudi, unakwenda wa pili, njiani unapita kwenye beringi za kuuongoza ambazo mafundi wanaziita idla, unabanwa na tenshena, na mgongo wake unazungusha pampu ya maji. Ukikatika, kemshafti zinasimama palepale zilipo. Vali zilizokuwa wazi zinabaki wazi. Krenki bado ina nguvu ya mwendo, pistoni zinapanda, zinazigonga. Vali zinapinda. Gari linazima kama limezimwa kwa ufunguo, na ukipiga stata injini inazunguka kwa wepesi wa ajabu kwa sababu mgandamizo haupo tena. Mara nyingi hakuna dalili ya kukutahadharisha kabla.

Si kila gari liko hivi. Shemeji yangu ana IST, na alinicheka mwezi mzima kwamba yeye hana habari za mikanda. Ni kweli, injini ya 1NZ ina cheni, sawa na Vitz na ndugu zake wengi wa miaka hiyo. Cheni inaoshwa na oili ya injini na inaweza kudumu maisha yote ya gari, mradi oili ibadilishwe. Mwenye IST anayemwaga oili anapokumbuka asijisifu sana. Halafu kuna Corolla na Carina za zamani zenye injini za 5A na 7A. Hizo zina mkanda, lakini zimetengenezwa pistoni isifikie vali. Mkanda ukikatika gari linavutwa hadi gereji, linafungiwa mwingine, linaondoka. Nadhani ndiyo maana mafundi wengi wa rika fulani hawauogopi mkanda: ufundi wao waliujifunzia kwenye Corolla, na Corolla iliwasamehe.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa wa rika hilo. Alifungua kifuniko cha pembeni, boliti tatu tu, akaingiza tochi, akaubonyeza mkanda kwa kidole.

"Dada, mzima huu. Haujapasuka, meno yote yapo. Unataka kutupa hela?"

Hakunidanganya. Alichokiona ndicho kilichokuwepo. Shida ni kwamba kinachobeba mzigo hakionekani. Mkanda wa siku hizi ni mpira wa aina ya HNBR, unaostahimili joto na oili kuliko mpira wa zamani uliokuwa ukipasuka nyufa mapema na kujitangaza. Ndani ya mpira huo kuna nyuzi za kioo zinazozuia mkanda usirefuke, na juu ya meno kuna kitambaa cha nailoni. Nyuzi zinachoka ndani kwa ndani wakati mgongo bado unang'aa. Na kwa kupitia kile kitundu cha pembeni alikuwa anaona sehemu ndogo tu ya mkanda, na hakuna idla hata moja aliyoweza kuizungusha kwa mkono.

Kuna jambo jingine ambalo kilomita hazilisemi, hata zikiwa za kweli. Mimi naishi Kimara na kazi yangu iko Posta. Siku mbaya gari linatembea kilomita zisizofika 20 kwa saa mbili, AC ikiwa imewashwa, joto lote la injini limejaa chini ya boneti. Dashibodi inaandika hizo kilomita chache. Mkanda umezunguka saa mbili kamili kwenye joto. Kitabu cha mtengenezaji kina kifungu kwa ajili ya mazingira magumu, vumbi, joto, foleni, na mtu wa Dar es Salaam akikisoma kwa uaminifu atajiona humo kila mstari.

Nyumbani ndiko palikuwa na mjadala mgumu zaidi. Mume wangu si mbishi, ila ana swali moja ambalo huliuliza kabla hela haijatoka: kimeharibika nini? Na hapa hapakuwa na kilichoharibika. Gari lilikuwa linawaka, linakwenda, halivuji. Nilikuwa naomba fedha ya kutoa kitu kinachofanya kazi na kuweka kingine kitakachofanya kazi ileile. Kwa fedha hiyo, akasema, tunapata matairi ya mbele, na matairi yanaonekana yamekwisha.

Nilimjibu kwa kumuuliza utakatikia wapi. Sisi kila Desemba tunakwenda Moshi kuhesabiwa, kama Wachagga wote na waliooa na kuolewa nao. Injini inayozunguka masaa nane mfululizo, watoto wawili nyuma, mizigo hadi dirishani. Ukikatikia Ubungo ni aibu na gharama. Ukikatikia kati ya Mombo na Same, jua la saa saba, ni gharama ileile ya vali pamoja na breakdown ya kuvuta gari, nyumba ya wageni, na nauli za basi wakati ambao tiketi za kwenda Kilimanjaro hazishikiki. Nilimwambia ni sawa na kuhama nyumba ya kupanga: utahama tu, ila bora uhame kwa siku uliyoichagua kuliko siku mwenye nyumba atakayokutolea vyombo nje. Akacheka, akasema matairi tutayatazama Januari.

Spea nilizifuata Gerezani, eneo la maduka ya spea hapa Dar es Salaam. Swali la kwanza dukani lilikuwa, "Mkanda mtupu au na beringi zake?" na muuzaji alinishauri kwa nia njema kabisa nichukue mtupu, kwa sababu mkanda mtupu ni nafuu na seti nzima ni mara kadhaa ya bei hiyo. Bei zenyewe siziandiki. Dola ikisogea kidogo zinakuwa za uongo. Lakini hesabu yake haibadiliki. Ufundi ni uleule, ufunge mkanda peke yake au ufunge kila kitu, maana kilicho ghali ni kufika pale ndani. Ukifunga mkanda mpya juu ya idla kuukuu, idla ikikwama inautupa mkanda mpya, na vali zinapinda vilevile. Pampu ya maji ikianza kuvuja baada ya miezi sita, unafungua upya kila kitu na kulipa ufundi mara ya pili. Mkanda wa taimingi ni jina tu la kazi; kazi yenyewe ni mkanda, idla zote, tenshena, pampu, themostati inayoongoza maji ya kupoza injini, na oili sili ya krenki, ile raba ya kuzuia oili isivuje.

Kuhusu bandia, nilichojifunza ni kwamba kasha halisemi kitu. Niliona makasha mawili ya jina moja, rangi moja, kwenye maduka mawili jirani, na bei zimepishana mno. Kinachosema ni kilichomo ndani. Seti niliyoichukua ilikuwa ya Aisin, na mkanda uliokuwa ndani yake umepigwa chapa ya Mitsuboshi, herufi kali, zisizofutika kwa kucha. Beringi halisi za Kijapani huwa zimechongwa jina kwenye chuma chenyewe, NTN au Koyo au NSK, si kuandikwa kwa rangi. Duka moja lilinikataza kufungua kasha mpaka nilipe. Nikawashukuru, nikaondoka. Themostati niliinunua peke yake, na hapo niliambiwa na kila mtu mwenye Subaru nisifanye ubahili: ya asili ina umbo kubwa, za kuiga ni ndogo, na injini hizi zikipewa ile ndogo zina tabia ya kuchemsha bila sababu inayoonekana.

Fundi niliyempa kazi yuko Tabata, nilimpata kwa kuuliza madereva wenye Forester. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Stika ipo?" Nikajua nimefika. La pili, aliniambia nipange spea zote mezani azione kabla hajashika spana.

Kazi ilianza asubuhi injini ikiwa baridi. Kulanti, maji ya kupoza injini, ikamwagwa kwenye beseni, mafeni ya rejeta yakatoka ili kupata nafasi, fenibelti zikatoka. Boliti ya puli ya krenki inafunguliwa kwa soketi ya 22, na ile iligoma. Wengine huegemeza spana kwenye chasi halafu wanapiga stata ili injini yenyewe ilegeze boliti. Nilimuuliza kama atafanya hivyo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Aliifunga puli kwa fenibelti kuukuu isizunguke, akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akasukuma taratibu mpaka ikalia.

Vifuniko vilipotoka kijana wake alizungusha krenki kutafuta alama za kupangia mkanda. Hapo ndipo nilipopata somo lililozidi yote ya siku ile. Kwenye gia ya krenki kuna mshale unaoonekana wazi, unakuita kabisa. Kijana akauelekeza juu, akasema tayari. Fundi akamwambia arudishe.

"Huo mshale ni wa pistoni, sio wa mkanda. Tafuta kimstari."

Kimstari kiko nyuma kidogo, kwenye ukingo wa gia, kimechongwa chembamba, ukiwa na oili hukioni. Mshale ukiwa juu, pistoni ya kwanza imefika kileleni. Kimstari kikiwa juu, pistoni zote nne ziko katikati ya safari, hakuna iliyo karibu na vali, na kemshafti hata ikiruka mkanda ukiwa nje haigongi kitu. Mtu anaweza kufunga mkanda mpya kabisa, wa asili kabisa, akafuata mshale, na injini ikafa siku hiyohiyo kwa mkono wa fundi. Kuna hadithi nyingi za "nilibadilisha mkanda ndipo gari likaharibika", na sasa nadhani najua nyingine zinatokea wapi. Alama zote walizipaka rangi kabla ya kutoa mkanda wa zamani. Hawakuwa na rangi nyeupe, nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba. Ilikuwa nyekundu na ilifanya kazi vizuri.

Mkanda wa zamani ulipotoka nilipewa nishike. Ulikuwa laini, unakunjika, meno kamili, hata maandishi yanasomeka. Yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi, kwa mkanda. Kisha fundi akaniwekea mezani idla mbili: ile mpya na ile yenye meno iliyokuwa chini, karibu na pampu. Aliizungusha mpya kwa kidole, ikazunguka kidogo kwa uzito, ikasimama, kwa sababu grisi bado imeishika. Akaizungusha ya zamani. Ilizunguka na kuzunguka, nyepesi, na ndani yake kulikuwa na mlio mkavu wa kuchakacha, kama kuna mchanga.

"Huyu ndiye angekuangusha," akasema. "Mkanda ungelaumiwa bure."

Oili sili ya krenki nayo ilikuwa imeanza kutoa jasho. Bado haijafika kwenye mkanda, lakini oili ikiufikia mpira unalainika na kuvimba, na muda wake unakatika hapo. Pampu ya maji, nikisema ukweli, haikuwa na tatizo lolote. Ningeiacha ingeendelea. Tuliibadilisha hata hivyo, na gasketi yake mpya ilikuwa ya chuma, si ya karatasi.

Tenshena mpya huja imebanwa tayari na kipini kidogo. Unaifunga, unavalisha mkanda kwa kufuata alama, unahakikisha mara tatu, ndipo unavuta kipini na tenshena inajitokeza kuukaza mkanda. Anayetumia ya zamani inambidi aibane kwenye jiliwa polepole sana ili oili iliyomo irudi ndani bila kuua sili. Nimeona video za watu wakiipiga nyundo, na sitaki kujua magari yale yalifika wapi. Baada ya kipini kutoka, fundi hakugusa stata. Alizungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza. Alama za kwenye gia zikarudi mahali pake. Alama zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe hazikurudi, moyo wangu ukapiga, akanieleza kwamba hizo zinahitaji mizunguko mingi sana ndipo zikutane tena, ni za kufungia tu.

Iliwaka kwa stata ya kwanza. Kilichochukua muda ni maji. Injini iliyolala hivi hupenda kubakiza hewa ndani, na hewa hiyo ikikaa kwenye hedi gari linachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Alijaza kulanti taratibu, akalegeza kile kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta, akawasha hita hadi mwisho, akaiacha injini ikinguruma mpaka mafeni yakawaka na kuzima yenyewe. Aliniambia kesho asubuhi nifungue mfuniko injini ikiwa baridi niongeze kilichopungua. Kilipungua, nikaongeza. Pale kwenye kifuniko akaandika tarehe na kilomita za siku hiyo chini ya stika ya Mjapani, na stika ile hakuing'oa.

Mume wangu aliuliza gari limebadilikaje. Halikubadilika. Halikupata nguvu, halikupunguza mafuta, sauti ni ileile. Nilitoa fedha nyingi ili pasitokee kitu, na hakikutokea. Najua hilo ni gumu kuliuza kwa mtu yeyote, na nimeacha kujaribu kuliuza kwa maneno. Siku hizi ninachofanya ni kumpa mtu ile idla kuukuu aizungushe sikioni. Naihifadhi kwenye kabati la vyombo, jambo ambalo nyumbani kwangu halijaeleweka bado.

Desemba tulifika Moshi salama, tukiwa na matairi yaleyale. Baba mkwe ana Prado ya dizeli, injini ya 1KZ, anaipenda kuliko ng'ombe wake. Dizeli za Toyota za aina hiyo zina taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Huwaka zikifika kilomita zilizopangwa, 100,000 au 150,000 kutegemea injini, kukukumbusha ubadilishe mkanda. Taa hiyo haipimi mkanda. Inahesabu kilomita tu, na baada ya kubadilisha, fundi anairudisha sifuri. Na kwenye dizeli hakuna msamaha wa Corolla, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa na pistoni inapanda karibu kabisa na vali.

Nilimsalimia, tukaongea habari za mvua na migomba, nikamuuliza taa ya T-BELT kwenye Prado iliwahi kuwaka.

"Iliwaka mwaka jana. Fundi wa hapa akaizima."

"Baba, aliizima kwa kubadilisha mkanda?"

"Aliizima. Tena kijana hodari, hata dakika kumi hakumaliza."

Mume wangu alinitazama, akamwomba baba yake funguo za Prado. Gari likabaki uani hadi maduka ya spea ya mjini yalipofunguliwa baada ya Krismasi, na ibadani tulikwenda wote kwa Subaru, baba mkwe akiwa amekaa mbele akilalamika kwamba viti viko chini mno.